Mlango Wenye Kufuli Mbili: Zanzibar na Korona, 2020 hadi 2022

Tarehe 18 Machi 2020 jamii mbili za visiwa katika Bahari ya Hindi, kila moja ikiwa na watu kati ya milioni moja na milioni mbili na kila moja ikitegemea mno fedha za watalii, zilitangaziwa kwamba virusi vya korona vimekwisha kuingia. Mauritius ilifunga mipaka siku iliyofuata, ikawazuia watu majumbani kuanzia tarehe 20, na mwishoni mwa Aprili maambukizi ya ndani yakawa yamekatika. Zanzibar nayo ilizuia ndege za watalii, ikafunga skuli na kuwatenga wagonjwa. Lakini hesabu yake ya mwisho ya wagonjwa ilitolewa tarehe 7 Mei, wageni wakafunguliwa mlango tarehe 6 Juni, na kwa zaidi ya mwaka mzima ugonjwa huo haukuwa tena na takwimu rasmi visiwani.

Wengi hueleza tofauti hiyo kwa kutaja watu: rais huyu aliamini hivi, waziri yule alinyamaza vile. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi, kwa sababu yanaliacha kando swali ambalo kwa Zanzibar ndilo la msingi, yaani ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya kitu gani. Mauritius ni dola kamili. Zanzibar ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi lake na Wizara ya Afya yake, lakini haina kiti chake katika Shirika la Afya Duniani wala haitoi viza. Kisa hiki kinasomeka vizuri zaidi mtu akianzia hapo.

Mamlaka yaliyogawanyika

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina orodha ya mambo 22 ya Muungano, na afya haimo. Kwa hiyo hospitali ya Mnazi Mmoja, vituo vya afya vya Unguja na Pemba, maofisa wa afya wa wilaya na sheria ya afya ya jamii na mazingira ya mwaka 2012 vyote viko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ila katika orodha hiyo hiyo yamo mambo ya nje, uhamiaji, usafiri wa anga, utafiti na takwimu. Kwa maneno mengine, kumtibu mgonjwa ni kazi ya Zanzibar. Kuamua nani aingie nchini, kujiunga na mpango wa kimataifa wa chanjo na kuripoti kwa dunia ni kazi ya Muungano.

Mgawanyo huu haukuwa wa makaratasi tu. Anga ni ya Muungano, lakini uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume unaendeshwa na mamlaka ya Zanzibar, na bandari ya Malindi inaendeshwa na Shirika la Bandari la Zanzibar. Ni mlango wenye kufuli mbili: mmoja wa wenye funguo akikataa kufungua, mlango haufunguki, lakini hakuna anayeweza kuufungua peke yake. Jambo hilo lilionekana wazi Mei 2020. Serikali ya Muungano iliruhusu tena ndege za kimataifa tarehe 18 Mei. Zanzibar haikuwapokea watalii hadi tarehe 6 Juni. Karibu wiki tatu Zanzibar ilibaki imefunga wakati Bara imefungua, na hakuna aliyeilazimisha. Anayedai kwamba Zanzibar haikuwa na sauti yoyote katika mambo haya anasahau wiki hizo tatu.

Kwa upande wa bahari, hali ilikuwa nyingine. Boti za mwendo wa kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Malindi kwa takriban saa mbili. Majahazi na mashua hushusha mizigo na abiria katika bandari bubu za Unguja na Pemba ambako hakuna ofisa wa afya wala wa forodha. Mchele, unga, vitunguu na viazi vinavyoliwa visiwani hutegemea sana mkondo huo, na mwaka ule Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili, wakati ambapo kila nyumba hununua zaidi. Mauritius iliweza kujifungia kwa sababu majirani zake wako mbali na hakuna mwenye nusu ya familia yake ng'ambo ya mkondo. Kumwambia Mzanzibari asivuke kwenda Bara ni kumwambia asiende sokoni, asiende hospitali ya rufaa na asimzike ndugu yake. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kulaumu kutofungwa kwa njia ya bahari ni lawama isiyo na uzito. Hatua hiyo haikuwamo katika uwezo wa serikali yoyote ya Zanzibar, iwe jasiri namna gani.

Visiwa vilivyokwisha kuzoea kuhesabu

Jambo ambalo wachambuzi wa nje hulipita haraka ni kwamba Zanzibar haikuingia katika korona ikiwa mgeni wa magonjwa ya mlipuko. Kipindupindu cha janga la saba, lile lililoanza Indonesia mwaka 1961, kilifika visiwani mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi tangu wakati huo. Mlipuko ulioanza Septemba 2015 uliwapata watu zaidi ya 4,000 na kuua zaidi ya 60, na Aprili 2016 serikali ilifunga skuli zote na kupiga marufuku vyakula vya barabarani. Kwa hiyo mzazi wa Ng'ambo au wa Chake Chake aliyesikia Machi 2020 kwamba skuli zimefungwa kwa sababu ya maradhi hakuwa anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Kisha kuna malaria, na hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Zanzibar imeshusha malaria hadi chini ya asilimia moja ya watu, na imeishikilia hapo kwa kazi ya kumfuata mgonjwa mmoja mmoja. Mtu akigundulika na vimelea katika kituo cha afya, taarifa hutumwa kwa simu. Ofisa wa ufuatiliaji wa wilaya hupanda pikipiki, huenda nyumbani kwa mgonjwa, huwapima wote waliomo na huuliza nani alisafiri, wapi na lini. Swali la safari ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu sehemu kubwa ya malaria inayoonekana visiwani huwa imetoka Bara pamoja na msafiri. Mtu asiyejua kazi hii anapoambiwa kwamba kutafuta waliokutana na mgonjwa wa korona ni teknolojia ya nchi tajiri, anaweza kuamini. Ofisa wa malaria wa Micheweni atacheka.

Chini ya maofisa hao kuna masheha, yaani viongozi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa Zanzibar. Sheha anaijua shehia yake nyumba kwa nyumba. Anajua mgeni gani amefikia wapi na nani amerudi kutoka Dubai au Muscat. Wakati wa kipindupindu masheha ndio waliosimamia uwekaji wa dawa katika visima na ndio waliowahimiza watu wakachanjwe. Mwanzoni mwa mwaka 2009, chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa kwa dozi mbili katika shehia zilizochaguliwa za Unguja na Pemba, zikiwamo Chumbuni upande wa mjini na Mwambe kule kusini mwa Pemba. Kati ya watu 48,178 waliostahili, 23,921 walikunywa dozi zote mbili. Ni nusu ya watu, jambo ambalo laweza kuonekana dogo, lakini watafiti waliofuatilia baadaye waligundua kwamba waliochanjwa walipata kinga ya karibu asilimia 80 na kwamba hata wasiochanjwa walioishi katikati ya waliochanjwa walinufaika. Visiwa hivi, basi, vilikuwa na watu, njia na kumbukumbu. Pemba ilikuwa pia na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanzishwa Wawi mwaka 2000, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kichocho, minyoo na kipindupindu.

Kutoka Machi hadi Mei

Hatua ya kwanza ilichukuliwa mapema, na inastahili sifa. Mwanzoni mwa Machi 2020, kabla ya mgonjwa yeyote kuthibitishwa Tanzania, Zanzibar ilizuia ndege za kukodi kutoka Italia. Anayeijua Kiwengwa au Pwani Mchangani anajua uzito wa uamuzi huo, kwani kwa miaka mingi ukanda huo umejengwa juu ya Waitaliano, hadi vijana wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano kabla ya Kiingereza. Wakati huo Italia ndiyo iliyokuwa ikizika watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Ulaya. Tarehe 18 Machi mgonjwa wa kwanza wa Zanzibar alitangazwa, raia wa Ujerumani, na muda mfupi baadaye ndege zote za watalii zilizuiwa.

Hatua nyingine zilikuja kwa amri ya nchi nzima: skuli zilifungwa, mikutano ya hadhara ikazuiwa, na kuanzia tarehe 23 Machi kila aliyeingia kutoka nchi zenye maambukizi alitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zake. Misikiti na makanisa hayakufungwa na serikali ya Muungano. Visiwani, ambako maziko huvuta mtaa mzima na maiti huoshwa kwa mikono ya jamaa zake, jambo hili lilikuwa gumu kuliko skuli, kwa sababu waliotakiwa kujizuia walikuwa wale wale walioamini kwamba kumsindikiza marehemu ni haki yake juu yao.

Kisha hesabu zikakatika. Wizara ya Muungano ilitoa takwimu yake ya mwisho tarehe 29 Aprili: wagonjwa 480 nchi nzima. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na virusi, na maabara ya taifa ikawekwa chini ya uchunguzi. Zanzibar iliendelea kutangaza hata baada ya hapo. Tarehe 7 Mei wizara yake ilitoa wagonjwa wapya 29, ikafikisha jumla ya 134 kwa visiwa, na hesabu ya nchi ikawa 509 na vifo 21. Dunia iliisoma hesabu hiyo ya 509 kwa mwaka mzima uliofuata bila kujua kwamba wagonjwa wake 29 wa mwisho waliongezwa na Zanzibar peke yake. Baada ya siku hiyo visiwa navyo vilinyamaza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kosa kubwa lilikuwa kufungua tarehe 6 Juni. Kufungua kunaweza kutetewa. Utalii huleta karibu asilimia 80 ya fedha za kigeni za Zanzibar, na hakukuwa na hazina ya kulipa mishahara ya watu waliokaa nyumbani, jambo ambalo Mauritius iliweza. Dereva wa wageni, papasi wa Forodhani anayewaongoza watalii mitaani, mvuvi aliyekuwa akiuza pweza hotelini na mkulima wa mboga wa Bambi hawakuwa na mshahara wa kusubiria. Wengi wao walirudi baharini, kwenye mwani au shambani kwa wazee. Mwaka 2019 walikuja wageni 538,264. Mwaka 2020 walikuja 260,644. Hata hivyo uchumi wa Zanzibar ulikua kwa asilimia 1.3 mwaka 2020, wakati ule wa Mauritius ulianguka kwa takriban asilimia 15. Mtu anaweza kuuchukia uamuzi huo, lakini hawezi kuuita upumbavu.

Kosa lilikuwa kufungua bila kuhesabu. Kila nchi ya utalii iliyofungua mapema, Maldives mwezi Julai ikiwa mfano, iliendelea kutangaza wagonjwa wake kila siku, na takwimu hizo ndizo zilizomwezesha mwenye hoteli kujua lini abane na lini alegeze. Zanzibar ilifungua kwa kupima joto, fomu za afya na ndoo za kunawia; cheti cha kipimo hakikuhitajika isipokuwa pale nchi atokako msafiri au shirika la ndege lilipokitaka. Wakati wa baridi ya Ulaya ndege za kukodi kutoka Urusi, Ukraine na Poland zilijaa, kwa sababu Zanzibar ilikuwa mojawapo ya sehemu chache duniani zilizompokea mtalii bila masharti mazito. Hakuna aliyekuwa akitangaza kilichofuata katika hoteli, katika vijiji vinavyozizunguka au katika wodi. Oktoba 2020 ilikuwa ya uchaguzi, na kampeni zilijaza viwanja Unguja na Pemba.

Gharama ya ukimya

Wazanzibari walijua kwamba ugonjwa upo. Walijua kwa kuona wazee wakibanwa na pumzi na kwa tangazo la maziko kutoka spika za msikiti. Walichokosa ni idadi, na bila idadi kila mtu alibaki na uvumi wake. Tarehe 31 Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais tangu Desemba, na mkewe walikuwa wameambukizwa korona. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kiongozi wa ngazi hiyo nchini kusema wazi. Alilazwa Mnazi Mmoja, akahamishiwa Muhimbili, akafariki dunia tarehe 17 Februari, na kuzikwa Mtambwe, Pemba, siku iliyofuata. Nathubutu kusema kwamba tangazo hilo moja la chama lilifanya kazi ya afya ya jamii ambayo miezi tisa ya wizara mbili haikuifanya, maana barakoa zilionekana tena hata katika vikao vya wakubwa.

Nje ya nchi, ukimya ulikuwa ukijazwa na wengine. Mwezi huo huo wa Februari, wasafiri watatu kutoka Tanzania waliopimwa uwanja wa ndege nchini Angola walikutwa na aina ya virusi yenye mabadiliko mengi kuliko nyingine yoyote iliyokuwa imeonekana hadi hapo. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliiomba Tanzania iripoti wagonjwa wake na ichukue hatua kwa kuwa wasafiri wake walikuwa wakikutwa na virusi kwingineko. Kwa mahali panapouza jina lake kwa wageni, hakuna hali mbaya kuliko hii, ya afya yako kuelezwa na viwanja vya ndege vya watu wengine. Na hapa ile kufuli ya pili haikuwa na msaada: ripoti ya Shirika la Afya Duniani hupita Muungano, na kama Muungano hauripoti, Zanzibar haina dirisha la pembeni.

Mambo yalibadilika kwa kubadilika kwa Dodoma. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliapishwa tarehe 19 Machi 2021. Aliunda kamati ya wataalamu, na kuanzia Mei wageni walitakiwa kuja na cheti cha kipimo cha saa 72 na kupimwa tena wafikapo. Takwimu zilirejea katikati ya mwaka, na Julai chanjo zikaanza kutolewa pande zote mbili za Muungano. Haikuhitajika sheria mpya wala fedha mpya ili Zanzibar ihesabu tena, na hilo lenyewe linaonyesha kizuizi kilikuwa wapi.

Kuhusu chanjo sina mengi. Wapo waliosita, kama kwingineko. Lakini Saudi Arabia, ambayo iliwazuia mahujaji wa nje mwaka 2020 na 2021, iliwaruhusu mwaka 2022 kwa sharti la chanjo kamili na umri chini ya miaka 65, na kwa jamii ambayo watu wake huweka akiba miaka mingi kwa ajili ya Hija, sharti hilo lilikuwa na nguvu kuliko mabango yote ya wizara.

Fedha na majengo

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567.25 kwa Tanzania, na Zanzibar ilipata sehemu yake, takriban shilingi bilioni 230. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi, ambaye mwenyewe ni daktari, ilizielekeza kwa kiasi kikubwa katika majengo: hospitali 10 za wilaya na hospitali ya mkoa ya Lumumba, pamoja na skuli na miradi ya maji. Kwa mkaazi wa Kusini Unguja au wa Micheweni aliyekuwa akisafiri hadi mjini au Chake Chake kwa upasuaji, hii ndiyo faida ya kudumu ya janga zima, na si ndogo. Utalii nao ulirudi haraka kuliko wengi walivyotarajia: wageni 394,185 mwaka 2021, na 548,503 mwaka 2022, zaidi ya kabla ya janga.

Lililobaki bila kujengwa ni utaratibu wa taarifa. Orodha ya mambo ya Muungano haizuii Wizara ya Afya ya Zanzibar kuchapisha kila wiki hesabu ya magonjwa ya mlipuko katika vituo vyake, wakiwamo wageni waliolazwa. Mei 2020 ilitoa hesabu yake siku nane baada ya takwimu ya mwisho ya Muungano, kisha ikaacha. Makubaliano ya maandishi kati ya wizara mbili, yanayosema kwamba hesabu ya Zanzibar hutolewa Zanzibar kwa ratiba isiyosimamishwa na upande wowote na hupelekwa Shirika la Afya Duniani kupitia Muungano ikiwa imekwisha kutangazwa nyumbani, yangegharimu vikao vichache na karatasi. Njia ya kuzikusanya takwimu hizo ipo tayari, kwa kuwa taarifa ya mgonjwa wa malaria kutoka kituo cha shamba hufika wilayani kwa simu, na hospitali mpya 10 zinaweza kuunganishwa katika mkondo huo huo bila kusubiri mlipuko mwingine.